Kanisa Lililofungiwa na Ukuta

Asubuhi hii twawaomba mfike pamoja nasi katika mji wa Berlin, nchini Ujerumani, kwenye barabara iitwayo Bernauer Straße. Hapo mwaka wa 1894 palifunguliwa kanisa, nalo likaitwa Kanisa la Upatanisho.

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka wa 1945, Marekani, Urusi, Uingereza na Ufaransa waligawana mji huo. Urafiki wao haukudumu. Mwaka wa 1948 Warusi walizifunga barabara na reli za kwenda upande wa magharibi, na kwa karibu mwaka mzima watu wa huko wakapelekewa chakula na makaa kwa ndege. Kisha, usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti 1961, serikali ya mashariki ikaanza kutandaza seng'enge. Baadaye ukaja ukuta.

Kanisa lilikuwa upande wa mashariki, mpakani kabisa, lakini barabara iliyo mbele ya mlango wake ilikuwa ya magharibi, na washirika wengi walikaa ng'ambo hiyo. Mwezi huo huo wa Agosti lango kuu likazibwa. Mwezi wa Oktoba kanisa likafungwa kabisa. Fikirini, ndugu zetu: mtu aliyebatizwa humo, akaoa humo, sasa asimama barabarani kuutazama mnara wa kengele juu ya ukuta, wala hawezi kuingia. Katika nyumba za jirani wengine waliruka madirishani ili waangukie magharibi, na baadhi yao walikufa.

Oktoba hiyo hiyo, mahali paitwapo Checkpoint Charlie, vifaru vya Marekani na vya Urusi vilielekezeana mizinga kwa muda wa saa kama 16. Haukupigwa mzinga hata mmoja. Vikarudi nyuma, na dunia ikashusha pumzi. Ukuta ukabaki. Nasi twashukuru kwamba vita havikutokea. Lakini tukumbuke kwamba gharama ya utulivu huo ililipwa na watu wa Bernauer Straße, ambao hakuna aliyewauliza neno.

Washirika wa magharibi hawakutawanyika. Mwaka wa 1965 walijijengea nyumba ya ibada kwenye barabara ile ile, ng'ambo ya ukuta. Januari 1985 serikali ya mashariki ikalilipua kanisa kwa baruti, kwanza jengo, na siku chache baadaye mnara. Haikupita miaka mitano, tarehe 9 Novemba 1989, ukuta wenyewe ukafunguliwa!

Tarehe 9 Novemba 2000 kanisa dogo lilifunguliwa pale pale. Kuta zake ni za udongo ulioshindiliwa (sisi tuliolelewa katika nyumba za udongo hatuwezi kulidharau), na ndani ya udongo huo wamechanganya vipande vya matofali ya kanisa lililovunjwa. Kengele za zamani ziliokolewa. Sasa zimetundikwa nje, katika uwanja ule ambamo askari wa mpakani walikuwa wakipita na bunduki zao.