Mfuko wa Dawa katika Safari ya Hija

Hotuba kwa wenye ugonjwa wa kisukari wanaojitayarisha kuhiji



Yafaa lisemwe jambo ambalo hunyamaziwa kwa haya. Miongoni mwa wanaokwenda kuhiji wamo wenye ugonjwa wa kisukari, na baadhi yao huuficha, wakichelea kuambiwa hawana uwezo wa safari. Wengi wao uwezo wanao, ila sharti dawa isiachane na mkono wa mwenyewe.

Tangu mwaka 1922, insulini ilipoanza kutumiwa kwa wagonjwa huko Toronto, Kanada, ugonjwa uliokuwa ukiwaua watoto upesi umekuwa wa kuishi nao. Lakini dawa hiyo ni dhaifu: joto huiharibu, na kuganda huiharibu kabisa. Katika tumbo la ndege, pawekwapo masanduku, baridi huweza kushuka mno. Na insulini iliyoganda, hata ikiyeyuka na kuonekana safi machoni, haifai tena. Tena msafiri wa Bujumbura aghalabu hubadili ndege njiani, Addis Ababa au Nairobi, na sanduku huweza kubaki huko hali mwenyewe amekwisha fika Jidda.

Mtego mkubwa uko katika ihramu. Mwanamume avaapo ihramu kabla ya kupanda ndege, huvua kanzu na koti akavitia sandukuni pamoja na vyote vilivyomo mifukoni, nayo ihramu haina mfuko. Wanavyuoni tangu kale wameruhusu aliyehirimia kujifunga mshipi wa kutilia fedha. Basi mfuko mdogo wa dawa usimtie mtu wasiwasi.

Humo na atie insulini yake yote, sindano, mashine ya kupimia sukari, barua ya daktari yenye jina kama lilivyo katika pasipoti, na tende chache za kula sukari inaposhuka ghafla. Kanuni ya maji yasiyozidi mililita 100, iliyoanza mwaka 2006, haiwanyimi wagonjwa dawa zao. Mkaguzi aambiwe kabla hajaanza kupekua.

Chakula cha ndege huchelewa. Mwenye kutumia insulini ya wakati wa kula asijidunge mpaka sahani iwe mbele yake. Saa ya Jidda imetangulia kwa saa moja tu, hilo halisumbui. Linalosumbua ni jua: mwezi wa Juni 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 51, na mfuko ulioachwa ndani ya basi kwa joto la namna hiyo hauna dawa tena.

Kabla ya kuondoka Bujumbura, kila mgonjwa na amwambie kiongozi wa msafara ugonjwa wake na jina la dawa yake, na mwenzake wa kiti aonyeshwe tende zilipo.

Wabillahi taufiki.