Magugu Yatambaayo Kando ya Viazi

Msikilizaji wa Ngara na Biharamulo, yale magugu yanayotambaa mpakani mwa shamba, yenye ua la zambarau linalofanana na la kiazi kitamu, ni ya ukoo mmoja na kiazi chako, na ndiyo maana huugua pamoja. Nchini Uganda, Arthur Tugume wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walivikuta virusi vya viazi vitamu ndani ya mimea hiyo ya porini. Kimojawapo, SPFMV, kina umbo la uzi mfupi mno: ukivipanga elfu moja kwa urefu, havifiki milimita moja. Kidukari hukichukua kwa kudunga jani sekunde chache tu, kisha hukihamishia kwenye kiazi. Kikiwa peke yake hudhuru kidogo. Kikikutana na kirusi kingine, SPCSV, kinachobebwa na inzi weupe na kulemaza kinga ya mmea, majani husinyaa, shina hudumaa, na mavuno yanaweza kupungua kwa zaidi ya nusu.

Wapo watakaosema ugonjwa huletwa na marando, si magugu. Ni kweli, marando ndiyo njia kuu, na kuyakata kwenye mashina yenye afya ndiyo kazi ya kwanza. Lakini marando safi yakipandwa jirani na gugu lenye virusi yanaweza kuambukizwa upya. Wengine watasema gugu lao ni kijani kibichi. Hilo halithibitishi kitu, maana gugu huweza kubeba virusi bila baka lolote. Ling'oe na mizizi yake kabla ya kupanda, pamoja na maotea ya viazi vya msimu uliopita.