Karakana Si Sadaka
(Hotuba iliyotolewa Awindiri, siku ya maadhimisho ya kamati)



Naomba kusema juu ya wenzetu walemavu wenye kipaji cha mikono. Siku ya sherehe tunawaita, wanaonyesha vikapu na michoro, wanapigwa picha. Kesho yake wamesahauliwa. Kipaji hakikui kwa makofi. Kinataka mahali, vyombo na bei ya haki.

Majirani wametutangulia. Huko Mombasa, karakana za Bombolulu zilianzishwa mwaka 1969, na walemavu wa viungo wakatengeneza mapambo, nguo na vinyago vya kuuza. Huko Iringa, Tanzania, Neema Crafts ya Kanisa la Anglikana ilianza mwaka 2003 na vijana viziwi 3 tu. Walitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo! Baadaye ukafunguliwa mkahawa wenye wahudumu viziwi: mteja huandika anachotaka, naye huletewa. Hapo mwenye kusikia ndiye anayejifunza.

Nasi tunaomba chumba kimoja kisicho na ngazi mlangoni, chenye kabati la vyombo na daftari la mauzo. Aliyesuka kikapu aandikwe jina lake, na fedha apokee mwenyewe, si jamaa yake. Na walemavu wenyewe wawemo katika uongozi wa chumba hicho.

Mradi una mwisho wake. Lakini fundi, hata siku ya kurudi kwao, kazi yake huenda nayo.