Kuilinda Ngozi ni Kuilinda Tiba
Hotuba kwa wahitimu wa uuguzi na tiba, Section 58, Nakuru

Neno langu kwenu leo linahusu ngozi ya mgonjwa anayemeza prednisoloni mwezi baada ya mwezi kwa sababu ya lupasi, pumu kali, baridi yabisi, ugonjwa wa figo au pemfigasi. Ngozi hiyo huchanika kwa kuguswa kidogo, huvilia damu bila sababu ya wazi, na kidonda chake huchukua muda mrefu kupona. Nataka kuwashawishi kwamba kuitunza ni sehemu ya tiba yenyewe, na kwamba kazi hiyo inawahusu ninyi kabla ya kumhusu mtu mwingine yeyote.

Tuanze na haki ya dawa. Mwezi Septemba mwaka 1948, katika Mayo Clinic nchini Marekani, Philip Hench na wenzake walimdunga kotizoni mgonjwa wa baridi yabisi, na baada ya siku chache mgonjwa huyo akaweza kutembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakatunukiwa Tuzo ya Nobeli. Tangu hapo dawa za jamii hii, yaani steroidi kama prednisoloni, zimeokoa maisha ya watu wasiohesabika. Lakini nguvu inayotuliza ugonjwa ndiyo hiyo hiyo inayoidhoofisha ngozi. Steroidi huzuia seli zinazotengeneza kolajeni, na kolajeni ndiyo inayoipa ngozi uimara wake. Tabaka za ngozi hupungua unene, mishipa midogo ya damu hukosa kitu cha kuishikilia, na uvimbe wa awali ambao mwili huutumia kuanza kuponya kidonda huzimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu wagonjwa zaidi ya 1,000 wa baridi yabisi nchini Ujerumani ulionyesha kwamba kadiri dozi ilivyopanda, ndivyo damu kuvilia na ngozi kuwa nyembamba kulivyoongezeka. Kwa hiyo siku mnapomwona mgonjwa akipewa dawa hii kwa muda mrefu, mnajua tayari kinachoweza kuipata ngozi yake. Jambo linalojulikana mapema hivyo hatuna udhuru wa kulisubiri.

Wapo watakaowaambia: mgonjwa ameokolewa figo zake au mapafu yake, sasa analalamikia mikwaruzo? Hoja hii ina uzito, maana uhai hutangulia. Hata hivyo, inasahau jinsi watu wanavyoishi na dawa. Mama mwenye alama za damu mikononi anaweza kushukiwa na majirani kwamba anapigwa nyumbani. Mkulima mwenye kidonda cha mguu kisichofunga anaweza kuamua kwamba dawa ndiyo adui, akaitupa. Hapo hatari ni kubwa kuliko kidonda. Mwili uliozoea steroidi kwa majuma mengi huwa umepunguza homoni inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo, na mtu akiacha dawa ghafla shinikizo la damu laweza kushuka akazirai, hata akafa. Dozi hupunguzwa hatua kwa hatua, kwa maelekezo ya daktari. Basi anayemsaidia mgonjwa kuishi vizuri na ngozi yake anamsaidia pia aendelee na dawa inayomweka hai. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kinga huanza na maswali ya kazi na makazi. Je, anachuma waridi Naivasha, ambako miiba haikosi? Anapalilia viazi Molo kwa jembe, anabeba kuni, anapanda matatu yenye vyuma vilivyochongoka? Mshaurini avae mikono mirefu, soksi na glavu, akate kucha fupi, na ajikinge na jua, maana kwenye mwinuko wetu wa zaidi ya mita 1,800 jua huichoma ngozi kwa ukali. Mwulizeni pia kama anajipaka krimu za kung'arisha ngozi, kwa kuwa baadhi yake zina steroidi kali na humwongezea hasara. Mwambieni aipake ngozi mafuta asubuhi na jioni. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa kwenye nyumba za kutunzia wazee, ulionyesha kwamba kupaka losheni mara mbili kwa siku kulipunguza michaniko ya ngozi kwa karibu nusu. Wazee hao hawakuchaguliwa kwa sababu ya steroidi, lakini ngozi yao nayo ni nyembamba na dhaifu, kwa hiyo funzo hilo linatufaa.

Pingamizi la pili ni la vifaa: zahanati ya kijijini itapata wapi bandeji za bei ghali? Ni kweli bandeji za silikoni hazipatikani kila mahali. Lakini madhara mengi huletwa na mikono yetu wenyewe, na kuyaepuka hakuna gharama. Plasta ya kunata ikibanduliwa kwa haraka huondoka na ngozi. Basi fungeni shashi kwa bandeji ya kuzungushia isiyobana. Ngozi ikichanika, iosheni kwa maji safi ya chumvi ya hospitali, bonyezeni taratibu hadi damu ikome, kisha rudisheni kipande kilichoning'inia mahali pake kwa shashi yenye unyevu. Msikikate kikiwa bado hai, maana hicho ndicho kifuniko bora kuliko vyote. Juu yake wekeni shashi iliyopakwa mafuta ya mgando ili isishike, na choreni mshale kwenye bandeji ili atakayeifungua aivute kwa upande usiokiinua kipande hicho. Kisha kiacheni kidonda kitulie. Kukifungua kila siku bila sababu ni kukichelewesha.

Pingamizi la tatu ni muda. Wodi imejaa, muuguzi ni mmoja, foleni inafika nje. Sitapuuza mzigo huo. Lakini pimeni: maelezo haya hutolewa kwa dakika chache, ilhali kidonda kilichopuuzwa hurudi kliniki kwa majuma kadhaa. Tena steroidi huficha maambukizi. Homa na wekundu vinaweza kuwa hafifu hata usaha ukiwa umeanza, kwa hiyo ulizeni kuhusu maumivu yanayoongezeka, angalieni majimaji na harufu. Pimeni na sukari, kwa kuwa dawa hizi huipandisha, na sukari iliyopanda huchelewesha kidonda. Anayetazama ngozi vizuri hugundua mengi yaliyo chini yake.

Wahitimu wapenzi, hospitali na zahanati za Bonde la Ufa zinawangoja. Ninawaomba jambo moja: kila mgonjwa anayeanza steroidi za muda mrefu mbele yenu asiondoke na vidonge peke yake. Aondoke akijua namna ya kuilinda ngozi yake, dalili za kumrudisha haraka, na kwamba hapaswi kuacha dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Mwandikieni katika kitabu chake cha kliniki, na mwelezeni kwa lugha anayoielewa, yeye na anayemtunza nyumbani. Mkifanya hivyo, mtakuwa mmestahili vyeti mnavyopokea leo.