Mbayuwayu Haingojei Kamera

Wiki hii nina swali kutoka kwa kijana mmoja mpiga picha wa Bulyaga, pale Tukuyu. Riziki yake ni harusi, kipaimara na picha za pasipoti. Ameweka akiba ya kununua kamera ya pili, naye anataka kupiga picha za ndege wakiwa angani, hasa wale wa Kitulo. Anauliza anunue kamera ipi. Namjibu hadharani, maana waliokwisha kupoteza fedha katika jambo hili ni wengi, na mmoja wao ni mimi.

Kwanza aiache kamera, aanze na lenzi. Tufanye hesabu kidogo. Ndege wa sentimeta 15 aliye umbali wa mita 20, akipigwa kwa lenzi ya milimita 200, picha yake ndani ya kamera ni milimita moja na nusu tu. Na kile kipande kinachopokea picha, katika kamera nyingi za bei ya kati, kina upana wa milimita 23 hivi. Atapata nukta! Kwa lenzi ya milimita 400 ndege huyo huyo anafika milimita tatu. Si kubwa, lakini angalau utamjua ni nani. Chini ya 400, basi abaki na harusi zake.

Lakini urefu peke yake hautoshi. Mimi niliwahi kununua lenzi ndefu kama mtutu, rahisi, ya kulenga kwa mkono. Mwezi niliupata vizuri sana. Ndege, hata mmoja! Ndege arukaye kwa mita 10 kwa sekunde husogea sentimeta moja katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa hiyo kasi ya shata iwe 1/2000 au zaidi, na kasi hiyo inakula mwanga. Lenzi yenye tundu la 5.6 inafaa, ile ya 8 itamwangusha mawingu yakishuka, na Tukuyu mawingu hayana likizo.

Sasa kamera. Asidanganywe na wingi wa megapikseli. Aulize inalenga haraka kiasi gani, na inatoa picha ngapi kwa sekunde. Kamera mpya zisizo na kioo humtambua ndege zenyewe na kumfuata jichoni, ila bei yake inatisha. Canon 7D Mark II ya mwaka 2014 na Nikon D500 ya 2016 hutoa picha 10 kwa sekunde, na zilizotumika zinapatikana. Kama lenzi zake za harusi ni za Canon, abaki Canon, aitafute ile 400 yenye tundu la 5.6 iliyotoka mwaka 1993. Haina kizuia mtikisiko, lakini kwa kasi ya 1/2000 hatakihitaji. Ina uzito wa kilo moja na robo. Nikon ya 200 hadi 500 ina kilo mbili na ziada, na mkono wa binadamu unajua tofauti hiyo kabla ya saa nne asubuhi.

Akinunua iliyotumika, amulike tochi kutoka nyuma ya lenzi. Akiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, airudishe. Na yake asiifungie ndani ya mfuko wa ngozi. Aiweke katika kopo lisilopitisha hewa, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja na maboksi ya viatu.

Mazoezi hayana gharama: mwewe wanazunguka juu ya mji kila siku. Akishawaweza, akate njia ya Isyonje apande Kitulo, hifadhi ya Taifa tangu 2005. Tandawala wa kule ni mzito, atampata mapema. Mbayuwayu wa buluu ndiye mtihani. Huja kuzaa wakati wa mvua, kisha hurudi kaskazini, upande wa Ziwa Viktoria. Duniani wamebaki wachache. Hujenga viota ndani ya mashimo ya ardhini, kwa hiyo kijana asisimame mdomoni mwa shimo akingoja picha rahisi. Akae mbali, hiyo ndiyo kazi ya milimita 400. Na abebe mfuko wa nailoni wa kufunika kamera.