Ruzuku na Jasho Letu

(Hotuba iliyotolewa na katibu wa chama cha msingi katika Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu, Lushoto)

Ndugu wanachama mliopanda milima na kushuka mabonde kutoka Mlalo, Mtae, Bumbuli na Soni:

Nimeagizwa niseme habari ya kuomba ruzuku kwa ajili ya mashamba, misitu na biashara zetu za vijijini. Ni heshima kubwa kwangu, tena ni adhabu ya haki, maana mimi ndiye niliyeandika ombi la kwanza la chama chetu cha msingi, na ombi hilo lilikataliwa. Nitawasimulieni jinsi lilivyokataliwa, ili ninyi msiipite njia ile ile.

Kwanza tupatane juu ya neno lenyewe. Mkopo ni fedha za kurudishwa, na chama hakiuchukui mpaka Mkutano Mkuu ukubali na Mrajisi aidhinishe ukomo wa madeni. Ruzuku hairudishwi kwa fedha. Lakini amekosea adhaniye kwamba ruzuku hairudishwi kabisa. Hurudishwa kwa kazi inayoonekana na kwa hesabu iliyonyooka, na asiyeirudisha hivyo hapewi tena.

Milima hii imekwisha kuona fedha nyingi za kutoka nje. Mwaka 1946 Serikali ya Kiingereza ilianza mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, na baadaye mpango ule ukaenezwa sehemu nyingine za Usambara. Wakulima waliamriwa kulima matuta, na aliyekaidi alishtakiwa. Hakuna aliyewauliza wazee wetu, wala mama zetu waliobeba sehemu kubwa ya kazi ile, kama matuta yale yalifaa katika miteremko yao. Wengi waliogopa kwamba mwisho wake ungekuwa kunyang'anywa ardhi. Wakayakataa, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru.

Tena mwaka 1981 ulianza mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, uliojulikana kwa jina la SECAP, kwa msaada wa Ujerumani. Huo nao ulikuwa na mafunzo yake. Watu hawakupokea yote waliyofundishwa. Lakini majani ya gwatemala yaliyopandwa kukata mteremko yalishika udongo na papo hapo yakamlisha ng'ombe zizini. Tendo lililomfaa mwenye shamba lilikuwa na sababu ya kudumu hata msaada ulipokoma. Lisilomfaa halikuwa na mtu wa kulitunza.

Mimi niliyajua hayo yote, na hata hivyo nilikosa. Tuliposikia kwamba mfuko mmoja wapokea maombi ya kupanda miti, niliketi peke yangu usiku mmoja, nikaandika kwamba chama chetu chataka kupanda miche 40,000. Kwa nini 40,000? Kwa sababu hesabu kubwa ilinipendeza masikioni. Wajumbe wa Halmashauri walitia sahihi bila kusoma.

Basi akaja bwana mmoja kukagua. Alisalimu kwa adabu, akakunywa chai, kisha akauliza: "Mtapanda wapi?" Akatupigia hesabu mbele yetu. Mche na mwenzake wakiachana mita mbili na nusu kila upande, hekta moja huchukua miche 1,600. Kwa hiyo miche 40,000 yataka hekta 25, yaani zaidi ya ekari 60. Sisi ambao wengi wetu twalima vipande vya nusu ekari, kimoja juu ya kilima na kingine chini bondeni, tulitazamana tu. Akauliza tena ni nani atakayenywesha kitalu wakati wa kiangazi. Tukanyamaza. Mama mmoja mwanachama akasema, "Mwanangu, sisi ndio tutakaochota maji hayo, na ndiyo kwanza twasikia leo." Sitasahau aibu ya siku ile.

Ombi la pili hatukuliandika usiku. Tulikutana mara tatu. Kila mwanachama alitaja mpaka wa shamba lake unaoweza kupandwa miti, nasi tukaupima kwa hatua. Akina mama walisema wanataka kuni za karibu na majani ya ng'ombe. Vijana walitaka miti ya mbao. Hesabu ya mwisho ikawa miche 6,000, na kila mche ulikuwa na mwenyewe. Ombi hilo lilikubaliwa. Miti mingi ya siku zile imesimama hadi leo, na anayebisha aje aitazame.

Ndugu zangu, milango ya kubisha ipo. Upo Mfuko wa Misitu Tanzania, ambao msingi wake ni Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Upo pia mfuko wa kuhifadhi Milima ya Tao la Mashariki, ulioandikishwa mwaka 2001, na Usambara yetu imo katika milima hiyo. Kila mfuko una masharti yake; someni tangazo lote kabla ya kushika kalamu, maana anayeomba ghala katika mfuko wa miti hupoteza wino wake.

Nawasihi mambo manne. La kwanza, ombi liandikwe baada ya mkutano, lisitangulie mkutano. La pili, mtazame majira. Miche ya kupandwa masika yahitaji miezi minne hadi sita kitaluni. Fedha zikifika mwezi wa Mei mvua zaelekea kwisha, na mche hausubiri hundi. La tatu, mwandike wazi mchango wenu wenyewe: ardhi, mawe, mchanga, siku za kazi, wala msiandike siku msizokusudia kuzifanya. La nne, vitabu vya hesabu viwe tayari na vimekaguliwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Nasikia wengine wakinong'ona kwamba, kwa kuwa ruzuku zipo, hisa na michango ya wanachama ipunguzwe. Bwana Mwenyekiti, naomba shauri hilo lisipite. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vya nchi hii vilivunjwa kwa amri ya Serikali, na ilikuwa mpaka sheria ya mwaka 1982 ndipo vikaruhusiwa tena. Kilichotolewa kwa neno la mwingine huweza kuondolewa kwa neno lake. Hisa yako, shamba lako lenye makinga maji, na mti uliopanda mpakani kwa mkono wako ndio msingi. Ruzuku ni mbolea juu ya msingi huo, na mbolea peke yake haioti.

Alasiri hii mtaulizwa kama Chama Kikuu kiombe ruzuku ya vitalu kwa vyama vyote vya msingi. Mimi nitanyosha mkono kukubali. Lakini kabla hamjanyosha wa kwenu, kila mmoja ajiulize lile swali la yule bwana: nitapanda wapi, na ni nani atakayechota maji?

Mungu aubariki Ushirika wetu na milima yetu.