Askari Mlangoni pa Ukumbi wa Enzi

Askari polisi aliye zamu katika soko la Konyo Konyo, mjini Juba, hupita kila siku kati ya watu wa falme kadhaa bila kuona taji hata moja. Anayepima unga wa muhogo aweza kuwa Mzande wa Yambio. Anayeuza samaki wakavu aweza kuwa Mshiluki wa Kodok, na mwenye duka la nguo, aliyefika kwa njia ya Nimule, aweza kuwa Muganda. Kando yao wako Wadinka na Wanuer, ambao hawana desturi ya mfalme mmoja wala hawaoni kwamba wamepungukiwa kitu. Ugomvi wa mahari au wa deni ukizuka kati ya watu hao, mara nyingi haumaliziki kituoni. Hupelekwa mbele ya chifu katika mahakama ya kimila, na huko askari husimama pembeni, bunduki begani, akimtazama mzee asiye na silaha ambaye neno lake husikizwa na wote.

Utii ule watoka wapi? Swali hili ni la askari kuliko la mtu mwingine yeyote, kwa sababu katika historia ya Afrika Mashariki ni askari ambaye ametumwa, mara kwa mara, ama kulilinda lango la mfalme ama kulivunja.

Watu wakisikia habari za ukumbi wa enzi hufikiri marumaru, mazulia mekundu na taa za vioo. Fashoda, mji wa kutawazia wafalme wa Washiluki, ulio magharibi ya Nile Nyeupe, haukujengwa kwa vitu hivyo. Enzi yake ni nyumba za msonge juu ya mwinuko wa ardhi, pamoja na kigoda. Mfalme wao, aitwaye reth, hawi reth kwa kuchaguliwa tu. Sanamu ya Nyikang, mwanzilishi wa ufalme, na ile ya mwanawe Dak, hutolewa katika hekalu la Akurwa upande wa kaskazini, nazo husafiri na jeshi lao kuelekea kusini. Mteule naye hutoka na jeshi lake. Majeshi hayo mawili hukutana kwenye kijito karibu na Fashoda na kupigana, si kwa mikuki bali kwa mabua. Na kanuni ya vita hivyo ni moja: jeshi la mteule halina budi kushindwa. Mteule hutekwa, akaongozwa hadi Fashoda kama mateka wa babu yake. Hapo sanamu ya Nyikang huketishwa kwanza juu ya kigoda. Kisha huondolewa, na mteule huketi mahali pale pale huku akitetemeka, kwani Washiluki huamini kwamba saa ile roho ya Nyikang imemwingia. Baadaye hufuata pambano jingine, na safari hii mfalme hatekwi tena.

Ofisa aliyesomea mbinu za vita aweza kustaajabu kwamba mtawala huanza utawala wake kwa kushindwa mbele ya watu wake mwenyewe. Lakini hakuna la ajabu. Nchi ya Washiluki ina pande mbili, kaskazini na kusini, na sherehe ile haiwezi kutimia bila pande zote mbili kuleta watu wake, vifaa vyake na ridhaa yake. Kigoda ni kitu chepesi. Mtu mmoja aweza kukinyanyua na kukimbia nacho. Kilicho kizito ni ile safari ya kukifikia. Mwaka 1898 Wafaransa wa Meja Marchand walipandisha bendera yao Fashoda mwezi Julai, na mwezi Septemba Kitchener akafika na mashua za mizinga, chini ya bendera ya Misri. Mataifa makubwa ya Ulaya yalikaribia kupigana kwa ajili ya kijiji hicho. Bendera zote hizo zimekwisha ondoka. Sherehe ya Nyikang ilifanyika tena mwaka 1993, wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea nchini, Reth Kwongo Dak Padiet alipotawazwa.

Majirani wa Uganda wana kisa kilicho karibu zaidi na kazi ya askari. Tarehe 24 Mei 1966, Milton Obote aliamuru jeshi kuivamia Lubiri, kasri ya Kabaka wa Buganda huko Mengo, na Kanali Idi Amin akaongoza mashambulizi. Kabaka Mutesa wa Pili, ambaye alikuwa amepata pia kuwa Rais wa Uganda, aliruka ukuta akatoroka kwenda uhamishoni, akafia London mwaka 1969. Lubiri ikawa kambi ya jeshi. Bulange, jengo la baraza la Buganda, ikawa ofisi za wizara ya ulinzi. Katiba ya mwaka 1967 ikafuta falme zote. Kwa kipimo cha vita, ushindi ulikuwa kamili.

Hata hivyo, mwaka 1971 Amin yule yule, sasa akiwa mtawala wa nchi, aliona hana budi kuurudisha mwili wa Mutesa na kumzika kwa heshima za taifa. Na tarehe 31 Julai 1993 Ronald Mutebi, mwana wa Mutesa, alitawazwa Naggalabi, katika kilima cha Buddo, mahali wanapotawazwa Makabaka tangu zamani. Kumbe wanajeshi walikuwa wamekalia nyumba. Katika muda huo wa miaka ishirini na saba, ndani ya kambi ile ya Lubiri waliteswa na kuuawa watu wengi chini ya Amin, na jambo hilo, kuliko risasi za mwaka 1966, ndilo linalokumbukwa hadi leo na wapitao langoni.

Isidhaniwe kwamba bunduki haiwezi kabisa kumweka mfalme. Huko Unguja, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Uingereza zililipiga jumba la Sultani kwa muda wa dakika arobaini hivi. Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kiti, akakimbilia kwa Wajerumani, na siku hiyo hiyo Hamoud bin Mohammed akatawazwa. Wafu na majeruhi walikuwa kiasi cha watu 500. Kiti kilichopatikana hivyo kilitegemea nguvu ya nje, na mapinduzi yalipokuja tarehe 12 Januari 1964, Sultani Jamshid aliondoka baharini upesi. Mwaka 1994 jumba la ufukweni likafanywa makumbusho, na wageni wakaanza kulipa kiingilio ili kutazama viti.

Nchini Sudan Kusini, Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 inatambua mamlaka ya jadi, kwa hiyo kulilinda lango la mfalme si fadhila ya kamanda bali ni kazi ya sheria. Tarehe 9 Februari 2022, mjini Yambio, Atoroba Peni Rikito Gbudue alitawazwa kuwa mfalme wa Wazande. Gbudwe, mfalme mkubwa wa mwisho katika sehemu hizo, aliuawa na kikosi cha Waingereza mwaka 1905, na kwa miaka 117 hakuwapo mtu wa kukalia enzi yake. Furaha ya Wazande siku ile ilikuwa ya haki. Lakini mwaka uliotangulia, 2021, mapigano yalikuwa yameikumba Tambura, Wazande na Wabalanda wakiuana, na maelfu ya watu wakayakimbia makao yao. Enzi ya kabila moja, katika jimbo lenye makabila mengi na jeraha bichi, yaweza kuwa baraza la suluhu, na yaweza kusomwa na jirani kama tishio. Askari apangwaye lindo mbele ya enzi ile hana uwezo wa kuamua itakuwa lipi. Anachoweza ni kusimama hivi kwamba Mbalanda apitaye njiani hana sababu ya kuharakisha hatua zake.